Furaha Niliyompaka Mama Yako

Masika,

Mambo ya sweta, ya sabuni, ya kutokula vitu vya barabarani na ya kumpigia shangazi yako simu ukishatua, mama yako ameyasema tangu juzi, na atayasema tena kesho pale uwanjani Rughenda mpaka ndege ifunge mlango wake. Hapo mimi sina la kuongeza. Nina jambo langu moja, na kwa mdomo limenishinda, kwa sababu kila nikilianza unaniangalia kama mtu anayengoja kudanganywa, nami nanyamaza.

Nilimwomba mama yako ruhusa, kwa kuwa habari hii ni yake kuliko yangu. Alikuwa anachagua maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Andika," alisema. "Mais lakini usinifanye mutakatifu."

"Nikufanye nini basi?"

"Unifanye vile nilikuwa. Na wewe ujifanye vile ulikuwa. Pale njo itakuwa nguvu kwako, mugumu."

Nianze na ile picha yangu uliyoichora, iliyokupatia nafasi kwenye shule ya kuchora ya Kinshasa. Wote walioiona waliguna. Padri alisimama mbele yake akasema, "Muzee Kambale, mutoto amekusoma." Wewe ulikuwa umesimama kando, burashi bado mkononi, ukingoja neno langu. Nikasema fremu imepinda. Ulitoka nje na siku ile hukula.

Sasa nakuambia nilichokiona. Macho yangu umeyalowesha kwa bluu. Chini ya macho umevuta burashi yenye maji mengi, mistari mirefu inayoshuka, mpaka uso unaonekana kama unayeyuka. Pembe za mdomo umezifuta kwa kidole zisiwe na ukingo. Ni kazi ya mkono unaojua. Anayeitazama anahisi kulia. Lakini siku ile nilipokukalia, Masika, mimi nilikuwa na njaa. Nilifikiria ndizi, nikafikiria mgongo wangu. Huzuni ile haikuwa yangu. Ulikuja nayo wewe ukanivika, na kwa sababu ilinikaa vizuri watu wakadhani umenisoma.

Mimi pia niliwahi kufanya hivyo. Yale meno ya mbele ambayo mama yako hana, unajua ni nani aliyeyavunja. Hujui ni kwa sababu gani.

Tulikuwa tumeoana karibuni. Nilihama Butembo nikaenda Beni kwa sababu Beni kulikuwa na kuta: maduka mapya, baa, vinyozi, na kila mmoja alitaka kichwa cha mtu au chupa ya bia kwenye ukuta wake. Tulipanga nyumba mtaa wa Bungulu. Mama yako aliuza vitenge na vikwembe sokoni, na mimi, mbali na mabango, nilichora sura za marehemu. Watu waliniletea picha ndogo ya kitambulisho, niliikuza kwenye kitambaa cha amerikani, nao wakaitundika siku ya kilio. Ndiyo shule yangu. Pale ndipo nilipojifunza kwamba asiyejua, akitaka kuchora ngozi yetu, anachukua kahawia anaitia nyeusi, na anachopata ni ubao. Nyeusi inaua uso. Ngozi yetu ina kijani chini, ina nyekundu ya udongo, ina manjano kama mafuta ya mawese pale mwanga unapogusa. Unapanga rangi hizo moja juu ya nyingine, nyembamba, na unaacha ile ya chini ipumue. Nilikuwa fundi. Familia zilikuwa zinaanguka chini zikiona sura za watu wao, nami nilisimama nyuma nikijisikia mkubwa. Sikuelewa kwamba marehemu ni mtu rahisi kuchora. Harudi kusema umekosea.

Vita ilikuwa imebadilisha majina mara nyingi. Waasi waliokuwa wamoja walikuwa wamegawanyika, na kila kundi lilikuwa na commandant wake, mkubwa wa askari, na barrière yake ya kufunga barabara. Yule wa upande wetu alikaa kwenye nyumba ya mfanyabiashara mmoja aliyekimbilia Kampala. Jina la commandant huyo sitaliandika, unalijua. Alikuwa kijana mrefu, mwenye paji pana na masikio madogo yaliyolala. Alicheka vizuri. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine, kwa sababu watoto mnafikiri mtu mbaya anatangulizwa na harufu yake. Huyu alikuwa mtu wa kupendeza. Ukikaa naye unasahau, kisha unakumbuka, kisha unasahau tena.

Alimwona mama yako sokoni. Asubuhi moja walikuja askari watatu, mimi nikiwa nachora bango la kinyozi mbele ya nyumba.

"Commandant anaita Madame," mmoja alisema.

"Anamuitia nini?" niliuliza.

"Wewe endelea na kazi yako, Papa."

Mama yako alinitazama. Alinipa muda, Masika. Alisimama pale na kunipa muda wa kusema kitu chochote. Nilikuwa na burashi mkononi, na ninachokumbuka ni kwamba niliishika juu ili rangi isidondokee bango. Alipoona hivyo alifunga kikwembe chake vizuri, akatembea mbele yao kwa miguu yake ili wasimvute.

Kesho yake nilikwenda kumdai. Walinilaza chini wakanipiga nyayo kwa fimbo, wakaniachilia. Nilirudi Bungulu kwa magoti. Mjomba wa mama yako alikuja kuniona, akakaa mlangoni.

"Kambale, bibi mwingine anapatikana," alisema. "Mutu akikufa, amekufa. Tulia."

Nilitulia. Miguu ilipopona nilimaliza bango la kinyozi. Ndiyo, nililimaliza, na mwenyewe alilipenda.

Mvua zilikuwa zimepita na kahawa imeanza kuiva askari walipokuja tena, safari hii kunichukua mimi. Commandant alikuwa amekaa barazani. Aliniletesha kiti. Aliniletesha kikombe cha kasiksi, pombe ya ndizi.

"Banasema kwa sura za batu hakuna mwenye anakushinda," alisema. "Nataka portrait. Mimi na Madame. Kubwa, ya kuweka salon."

"Ndiyo, Commandant."

"Ni wewe ulikuwa bwana yake, hein?"

Niliweka kikombe chini.

"Ni muzuri," alisema, na alicheka bila ubaya wowote, kama mtu aliyepata bei nafuu. "Unamujua. Hautakosea."

Basi nilikwenda kila siku. Yeye alikaa, bastola juu ya goti. Mama yako alisimama nyuma yake, mkono juu ya bega lake, amevishwa kitenge kipya cha wax na saa ya dhahabu iliyomzidi mkono. Hakunitazama hata mara moja. Mpishi wa nyumba ile, mama mmoja mzee aliyeitwa Helena, alipitisha chakula, na commandant alikuwa anachagua kipande kizuri cha nyama ananipa mimi kwanza. Aliniuliza habari za rangi. Aliuliza maswali mazuri: kwa nini nyekundu inakuja mbele na bluu inarudi nyuma, kwa nini ninakunja macho nikitazama. Nilimjibu. Kuna siku nilimfundisha kwa moyo, nikajikuta nimefurahi, na hapo hapo nikaona ule mkono juu ya bega lake.

Yeye nilimchora anavyotaka mtu wa namna ile: rangi ya joto, nzito, burashi pana, mipigo inayofuata mifupa. Paji, shavu, taya, yale masikio. Mama yako nilimweka mwisho. Na yeye nilimchora kwa akili.

Niliweka bluu ya baridi chini ya ngozi, nikaifunika kidogo tu. Mdomo niliufanya utabasamu, kwa sababu ndivyo nilivyoamriwa, lakini mashavu niliyapiga kwa burashi kavu, mipigo mifupi inayoshuka, ili juu kuwe na tabasamu na chini kuwe na uso mwingine unaoanguka. Kwenye nyeupe ya jicho nilitia kijivu. Nilijiambia commandant hataona kitu. Askari anaona wax na saa. Mama yako ataona. Atajua kwamba najua mateso yake. Na siku moja, vita ikiisha, watu watasimama mbele ya picha hii na kulia. Nilikuwa nimesahau kumpigania kwa mikono, nikawa nampigania kwa burashi, na nilijiona shujaa. Usiku nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu walipomchukua. Nakuandikia hilo kwa aibu, lakini nililala.

Nilipomaliza, commandant alisimama mbele ya picha. Mimi ndiye niliyemfundisha kutazama, nilisahau hilo. Alisogea, akarudi nyuma, akakunja macho kama alivyoniona nikifanya.

"Mbona, juu ya nini bibi yangu iko na baridi?" aliuliza.

"Ni mwanga, Commandant. Mwanga wa baraza."

"Mimi niko kwa mwanga ileile, na niko moto." Alimwita mlinzi wake. "Njoo. Huyu mwanamuke, unamuona namna gani?"

Mlinzi aliangalia, akanitazama mimi, akatazama chini. "Afande, anafanana na mutu kwa kilio."

Commandant hakunigusa. Aliniomba nikae. Kisha alimshika mama yako mkono, taratibu, kama anamwongoza kwenye dansi, wakaingia ndani, na mlango ulifungwa. Nilikaa kwenye kile kiti. Helena alikuwa amesimama kwenye pembe ya jiko na sufuria mkononi, na hakuna kati yetu aliyesogea. Commandant alipotoka alikuwa anafuta mikono kwa taulo.

"Kesho utarudilia uso," aliniambia kwa upole. "Hapana mwili. Mwili ni muzuri. Uso."

Kesho yake mama yako alisimama mahali palepale. Jicho moja lilikuwa limefunga. Mdomo ulikuwa umepasuka, meno ya mbele hayapo, na shavu lilikuwa limepanda mpaka karibu na sikio. Masika, utakapokuwa kule watakufundisha rangi kwa duara na kwa majina ya wazungu. Mimi nilifundishwa siku ile. Jeraha changa ni jekundu lenye zambarau ndani, ukingo wake ni wa bluu, na baada ya siku chache linaingia kijani kama ndizi mbichi, kisha manjano chafu. Ni rangi zilezile ninazozitumia kwa ngozi yenye afya. Zote. Ni mpangilio tu umeharibiwa. Nilizitazama zote, na commandant aliniambia, "Chora ile ya zamani. Hapana ya leo."

Walimwita kwenye phonie, ile redio ya askari, akaenda upande wa pili wa nyumba. Mlinzi alikuwa mbali kidogo. Mama yako alizungumza bila kusogeza mdomo; hata hivyo usingesogea.

"Kambale. Uliweka nini kwa uso yangu?"

"Huzuni yako," nilisema. "Nilitaka watu bajue."

"Nani alikuambia niko na huzuni?"

Nilishusha burashi.

"Niko na hasira," alisema. "Asubuhi hasira, magaribi hasira. Na yeye hapana wa kwanza. Wa kwanza ni wewe, na ile burashi yako yenye ulinyanyua juu. Hiyo huzuni ni ya kwako. Umeitundika kwa uso yangu, na njo mimi nimelipa."

Nilisema jina lake. Nilianza kulia.

"Usilie, anarudi. Sikia. Nichore mwenye anashiba. Nichore mwanamuke mwenye anapenda nyumba yake na bwana yake. Usiache hata tone moja la akili yako mule. Ukifanya vizuri, nitaishi."

Hayo ndiyo maneno yote tuliyoambiana.

Kwanza niliua bluu yote. Nilikwangua kitambaa mpaka kikabaki na kivuli tu, nikaanza upya na nyekundu ya udongo chini, yenye joto, na juu yake manjano wakati nyekundu bado mbichi, ili ziingiane. Mipigo niliigeuza: mifupi, ya mviringo, inayopanda kutoka kidevuni kwenda sikioni, jinsi shavu linavyojiinua lenyewe mtu akisikia hatua za anayempenda. Mdomo sikuufungua. Nilishika pembe moja tu nikaizamisha kidogo. Jicho nililipa nukta ya mwanga, chini kuliko kawaida, likaonekana bichi, kama limetoka kucheka. Mbele yangu palikuwa na uso uliovimba, na mkono wangu ulikuwa unatengeneza mwingine, na ule mwingine ulikuja. Niliutoa kwenye kumbukumbu ya ndoa yetu, ndivyo nilivyoamini. Ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya. Nimejaribu maisha yangu yote kuifikia tena nikashindwa.

Commandant alipoiona alisogea karibu. Macho yake yalilowa. Alimgeukia mama yako, akamshika kidevu kilekile alichokipiga, kwa vidole viwili, na akamwambia, "Unaona? Unanipenda." Mimi alinipa sanduku la rangi kutoka Kampala, mirija mipya, haijaguswa. Nililichukua. Nilizitumia rangi zile mpaka zikaisha.

Ile picha ndiyo aliyoiamini. Kila mgeni aliyeingia sebuleni, ile salon yake, alioneshwa furaha ya Madame. Kidogo kidogo alianza kumwachia mlango: leo mpaka sokoni na walinzi wawili, kesho na mmoja. Siku mapigano yalipofika karibu na mji na kila mtu alikuwa anakimbilia upande wake, Helena alimvua ile wax akamvisha nguo zake za jikoni, akampitisha kwenye mlango wa kuku. Mama yako alipanda lori la kahawa lililokuwa linakuja Butembo, akalala katikati ya magunia. Commandant alirudi nyumbani akakuta Helena peke yake. Helena alipigwa mpaka hakuamka tena. Hatuna picha yake. Mama yako amenikataza kumchora kwa kukisia, na ana haki.

Aliponikuta hapa Butembo, kwa mama yangu, nilikuwa nimekwisha kukimbia Beni kabla yake. Alisimama uani na nguo za mtu mwingine.

"Niko na tumbo," alisema. "Unajua ni ya nani. Sema kama unanitaka ao hapana. Mais usilie."

Nilisema namtaka. Sikulia. Ni kitu cha pili alichowahi kuniomba nikakifanya vizuri.

Kwetu jina la mtoto linafuata hesabu ya tumbo la mama. Haliulizi baba ni nani. Ukawa Masika, msichana wa kwanza, kama Masika wengine wote. Uso haukuwa na adabu hiyo. Waliponipa nikushike nilitazama, na mkono wangu ulikufahamu kabla ya moyo. Paji lile. Masikio yale. Nilikuwa nimeyachora majuma na majuma, nilijua kila mfupa unaanzia wapi. Nilikurudisha kwa wakunga. Nyanya yako alisema uende kwa masista. Mama yako alimjibu, "Peleka mutoto wako wewe," akimaanisha mimi, na neno halikurudiwa. Lakini ulikuwa unatembea tayari, na mimi nilikuwa bado sijakubeba kwa hiari. Ulikuwa unashika suruali yangu, nami nangoja uchoke.

Kilichonigeuza hakikuwa wema. Ilikuwa kazi. Nilitaka kukuchora ili nitafute kama kuna mahali popote usoni mwako pasipo na yule. Nilikuweka juu ya debe, nikafuata mifupa kama nilivyozoea, na akatoka yeye, mdogo, amevaa gauni. Nilichana. Nilirudia, nikachana. Siku moja ulichoka kukaa, ukakunja pua, ukanitolea ulimi kwa hasira kubwa, na mimi, kwa kuwa ulikuwa unakimbia, sikupata muda wa mifupa. Nilikimbizana na ile hasira kwa burashi moja pana na rangi iliyokuwepo. Nilipotazama, palikuwa na mtu ambaye sijawahi kumwona popote. Huyo ndiye wewe. Mifupa uliletewa. Uso ni kitu unachokifanya mwenyewe kila siku, na mchoraji asiyejua kungoja mtu aufanye, anachora fuvu au anachora moyo wake mwenyewe. Sikukupenda siku ile. Lakini nilianza kukutazama, na mengine yalifuata polepole, kwa kuchelewa, na deni la ile miaka una haki ya kunidai.

Siku aliyokuja commandant unaikumbuka vibaya, ulikuwa na uniform ya shule ya msingi. Magari mengi, koti, wasindikizaji. Alikuwa anatafuta kura, na mtu alimwonyesha atelier yangu ya kuchora. Alinenepa. Aliniamkia kama mtu anavyowaamkia mafundi. Alitaka sura yake kwenye kitambaa kikubwa cha kutundika kwenye mzunguko wa barabara, pale rond-point. Alinitazama machoni nikasubiri. Hakuna kitu. Alikuona, akakubana shavu.

"Mutoto muzuri. Wa nani?"

"Wangu," nilisema.

Alicheka kile kicheko, mkiwa mmesimama mmoja mbele ya mwingine, paji kwa paji, na wasindikizaji wake wote wakatabasamu wasione kitu. Kisha mama yako alitoka jikoni akasimama mlangoni. Nilishika meza. Commandant alimnyoshea mkono.

"Mama, jambo. Utupatie sauti yako siku ya kura, hein?"

Hakumjua, Masika. Mama yako aliutazama ule mkono mpaka mwenye mkono akaurudisha. Walipoondoka alikaa chini palepale mlangoni. Hakuwa amelia kwa ajili ya Beni hata mara moja, lakini siku ile alilia, na nilipomkaribia alisema, "Kumbe nilibeba peke yangu. Yeye hata hakubeba."

Nilimchora. Ulikuwa unataka kujua kwa nini, ulinipigia kelele ulipokuwa mkubwa na ukajua yeye ni nani. Nilimchora kwa sababu kukataa kungekuwa kumkumbusha, na hakustahili kukumbushwa na sisi. Nilipiga rangi moja ya kahawia, bapa, bila kitu chini yake, kama sufuria iliyochorwa kwenye ukuta wa mgahawa. Aliipenda. Alishinda. Sasa yuko Kinshasa, na kesho wewe unakwenda Kinshasa.

Najua ulichomwambia Kahindo, rafiki yako: kwamba utamtafuta, utajitambulisha kama mwanafunzi wa kuchora, utamwomba akukalie. Sikukatazi. Sina mdomo wa kumkataza mtu kusimama mbele ya yule. Mimi nilikaa barazani nikala nyama yake. Lakini ukifika pale usiende na rangi uliyoichanganya hapa nyumbani. Ukienda na hasira yako, utaipaka usoni mwake na itamfaa. Atapendeza, watu watasema ana nguvu. Ukienda na kiu ya baba, utampaka huruma asiyo nayo. Mtazame mpaka afanye kitu. Labda hatafanya kitu chochote. Labda utakuta ni mzee mchangamfu mwenye presha, anayekupa kipande kizuri cha nyama kwanza. Uwe tayari kwa hilo. Mimi sikuwa.

Jambo la mwisho hulijui, kwa sababu ulikuwa kwenye mtihani. Wakati wa kiangazi dereva mmoja wa Beni aliniletea kitambaa alichokikuta kwenye nyumba inayobomolewa. Kilikuwa kimewekwa juu ya dari kuzuia mvua. Nilikikunjua uani. Upande wake yeye umeoza, umebaki goti na bastola. Mama yako yuko mzima. Rangi haikupasuka hata kidogo: shavu linapanda, jicho bichi, ile pembe ya mdomo.

Mama yako alikuja akasimama karibu nami. Alijitazama, na ulimi wake ulikuwa unapitapita kwenye pengo la meno.

"Hata siku moja sikufurahi vile," alisema. "Hata kwako wewe."

Nikamwuliza, basi niliitoa wapi.

Alifikiri kweli. Sikumwona na hasira.

"Sijui," alisema. "Mais ile furaha njo ilinifungulia njia."

Baba yako,
Kambale